MAKTABA YA JIRANI YAFUFULIWA, YETU IMETIWA KUFULI

 

Mwezi huu tunalazimika kulisema jambo ambalo baadhi ya ndugu zetu wangependa lipite kimya. Barazani, na kwa masikitiko hata juu ya mimbari, yamekuwa yakisemwa maneno kwamba kazi ya kuzikarabati maktaba kongwe za jiji la Nairobi na kuzifanya vituo vya jamii haimhusu Muislamu. Kwamba ni kazi ya watu wa sanaa na wafadhili wa nje. Kwamba mzazi mwenye kushika dini asimpeleke mwanawe huko. Tumeyasikiliza maneno hayo kwa subira na tumeyapima. Tunayaona ni dhaifu, na zaidi ya udhaifu wake yana madhara, kwani yanawafunika watu macho wasiione aibu iliyomo ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Tuanze na jengo lenyewe, maana wengi wanaolisema hawajapata kuvuka kizingiti chake.

Msikiti wa Jamia wa Nairobi una jirani wa ubavuni, katika Mtaa wa Banda: Maktaba ya McMillan, yenye nguzo nene, ngazi pana na masanamu mawili ya simba mbele ya mlango. Jengo la msikiti lilijengwa kati ya mwaka 1925 na 1933. Maktaba ilifunguliwa mwaka 1931. Majengo mawili yalikua pamoja kama watoto wa mtaa mmoja. Maktaba ilijengwa na Bibi Lucie McMillan kwa kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa mwindaji na mlowezi, aliyefariki mwaka 1925. Na shirika la Carnegie la New York lilichangia fedha. Nayo ilikuwa ya Wazungu peke yao. Hadi mwaka 1958 Mwafrika, Mwarabu na Muhindi walipita mbele ya simba wale bila ya ruhusa ya kuingia. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya robo karne Waislamu waliokuwa wakitawadha hatua chache kutoka hapo hawakuwa na haki ya kufungua kitabu hata kimoja ndani ya nyumba ile.

Mwaka 1962 jengo lilikabidhiwa Baraza la Jiji, na mlango ukawa wa wote. Lakini mlango kuwa wazi ni jambo moja, na nyumba kutunzwa ni jambo jingine. Miaka ikapita, rafu zikachoka, vumbi likatua juu ya vitabu ambavyo vingi vyake vilinunuliwa kwa ajili ya wasomaji waliokwisha kurudi kwao Ulaya. Hata hivyo mlibaki hazina ndani yake, yakiwemo magazeti ya Afrika Mashariki tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo mtafiti wa historia ya Waislamu wa nchi hii hawezi kuyaepuka akitaka au asitake.

Mwaka 2017 wanawake wawili, Wanjiru Koinange, mwandishi wa riwaya, na Angela Wachuka, mchapishaji wa vitabu, walianzisha taasisi iitwayo Book Bunk, na mwaka uliofuata wakaafikiana na Serikali ya Kaunti ya Nairobi wazikarabati maktaba tatu: McMillan yenyewe na matawi yake mawili, Kaloleni na Makadara. Walianza na matawi, katika mitaa ya wafanyakazi mashariki mwa jiji. Vitabu vilihesabiwa na kuorodheshwa, na matawi yale yakafunguliwa upya yakiwa na nafasi za watoto, za mikutano na za mafunzo pamoja na rafu za vitabu. Jengo kuu la McMillan, kwa umri na ukubwa wake, ni mzigo wa miaka mingi. Hiyo ndiyo kazi inayosemwa kuwa haituhusu.

Wanaotukataza wanaanza na asili ya nyumba. Wanasema: hilo ni kaburi la fahari ya mkoloni, limejengwa kwa mali ya kafiri na kulindwa na masanamu, vipi muumini atafute elimu humo? Masanamu ya simba hatuyapendi, na hatutajifanya tunayapenda. Lakini tunawauliza masheikh wetu, ambao sira wanaijua kuliko sisi: ni nani waliowafundisha watoto wa Ansari kuandika baada ya vita vya Badri? Walikuwa mateka wa Kikureshi, washirikina, watu waliokuja na panga kuuzima Uislamu. Asiyekuwa na mali ya kujikomboa miongoni mwao alipewa fidia ya kuwafundisha watoto wa Madina, na vitabu vya sira vinataja watoto kumi kwa kila mateka. Mtume (s.a.w.) hakusema herufi zikipita katika mkono wa mshirikina zinanajisika. Alimtazama mtoto na haja yake ya kujua kuandika. Ikiwa adui wa vitani alifaa kuwa mwalimu wa maandishi, basi nyumba ya mawe iliyoachwa na mlowezi, ambayo leo ni mali ya umma na inalipiwa kwa kodi zetu, itakuwaje haramu?

Tena kuna jambo ambalo wengi wamelisahau, na sisi Waislamu tumelisahau kuliko wote. Maktaba ya umma si mgeni aliyeletwa na McMillan katika nchi hii. Maktaba ya umma iliyotangulia nyingine zote nchini Kenya iliasisiwa Mombasa mwaka 1903, ikiwa na chumba cha kusomea bila malipo, nayo inaitwa kwa jina la Seif bin Salim. Jina hilo halihitaji mfasiri. Miaka 28 kabla ya simba wa Nairobi kusimama, mji wa Kiislamu wa pwani ulikuwa na mahali pa mtu kuketi na kusoma bila kutoa hata senti. Na mwaka uliofuata ufunguzi wa McMillan, yaani 1932, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa Mombasa akichapisha gazeti la Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu, akiwakemea Waislamu kwa usingizi wao na kuwahimiza waitafute elimu ya dini na ya dunia pamoja. Leo wako wanaojiita warithi wa islahi ile ambao kazi yao kubwa ni kuwaambia vijana mahali pa kutokwenda.

Hoja yao ya pili ina uzito zaidi, nasi hatuipuuzi. Wanasema vituo hivi vipya haviishii kwenye vitabu: mna filamu, mna muziki, mna matamasha, wanaume na wanawake wanachanganyika. Ni kweli kwamba maktaba iliyogeuzwa kuwa kituo cha jamii hufanya mengi, na si yote tunayoyaridhia. Hatumwambii mtu aende kusikiliza ngoma. Tunachokisema ni kwamba ukumbi wa umma hujazwa na wanaouomba. Wapiga gitaa wamekwenda kuuomba, wamepewa Jumamosi yao. Je, ni kamati gani ya msikiti iliyokwenda kuomba Jumamosi moja kwa ajili ya mafunzo ya mirathi, au darasa la kuwaandaa wanafunzi wa kidato cha nne, au maonesho ya hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu? Hatuijui. Tunakaa nje, tunawaachia wengine nafasi zote, kisha tunalalamika kwamba nafasi zote zimechukuliwa na wengine.

Kuhusu fedha za wafadhili hatutarefusha maneno. Mazulia tunayosujudia katika misikiti mingi yamenunuliwa na wafadhili wa nje, visima tunavyotawadhia vimechimbwa nao, na mawe ya msingi yana majina yao. Hakuna aliyetaka kujua biashara yao. Mwenye wasiwasi na mali ya wengine dawa yake ni kutoa ya kwake, na mlango wa wakfu haujafungwa.

Sasa tuingie ndani ya nyumba yetu, maana hapo ndipo tulipokusudia kufika.

Ndugu muumini, Ijumaa hii ukimaliza swala usikimbilie viatu. Geuka utazame ukuta wa nyuma, au kona iliyo karibu na chumba cha imamu. Aghalabu utaliona kabati la vioo. Ndani yake mna majuzuu yamepangwa vizuri, migongo yake imeandikwa kwa dhahabu: tafsiri ya Ibn Kathir, Sahihi mbili, Fat-hul Bari, pengine na fiqhi ya madhehebu ambayo hapa kwetu hayafuatwi, kwani aliyeyaleta hakuuliza. Yalikuja kwa kontena, yakapokewa kwa picha na hotuba, yakapangwa siku hiyo hiyo, na tangu siku hiyo hayajaguswa. Kabati lina kufuli. Ufunguo uko kwa katibu. Katibu amesafiri. Au katibu yupo, lakini anasema vitabu ni amana ya wakfu na hawezi kumpa kila mtu. Amana! Mchwa wameingia kwa nyuma, wao hawakuhitaji ufunguo, na katika baadhi ya misikiti tuliyoitembelea wamekwisha kufika juzuu ya tatu.

Na hata kabati hilo likifunguliwa, ni nani atakayesoma? Vitabu vingi ni vya Kiarabu, na katika waumini mia moja wanaoweza kuvisoma kwa kufahamu ni wa kuhesabu kwa vidole. Sheikh Abdalla Saleh Farsy alitumia miaka ya umri wake kutufasiria Qur'ani kwa lugha yetu, na tafsiri yake ikachapishwa Nairobi mwaka 1969. Nenda ukahesabu nakala zake katika kabati la msikiti wako. Kisha hesabu vitabu vya watoto, vya hisabati, vya afya ya mama na mtoto, vya sheria za ardhi, vya kilimo. Tumekusudia kuvitaja hivyo, kwa sababu muumini hadhulumiwi shamba lake kwa kutojua nahau, hudhulumiwa kwa kutojua sheria ya ardhi.

Hayo ni ya misikiti yenye kabati. Iko mingine iliyokuwa na chumba kizima, kikiitwa maktaba, na juu ya mlango kibao bado kipo. Ndani mna duka la simu. Tunaijua hoja ya kamati, tumeisikia mara nyingi: msikiti una gharama, maji yanalipiwa, umeme unalipiwa, imamu ana watoto, na chumba kilikuwa kimekaa bure. Hatuikatai haja ya mapato, na wakfu wa maduka ni jambo lenye asili katika historia yetu. Misikiti mikubwa ya ulimwengu wa Kiislamu iliendeshwa kwa kodi za maduka. Lakini kodi zile zililipa nini? Zililipa walimu, wanafunzi, wanakili wa vitabu na mafuta ya taa za kusomea. Duka lilikuwa mtumishi wa kitabu. Sisi tumemtoa bwana nje ya nyumba ili mtumishi apate pa kulala. Na tena chumba hakikukaa bure kwa kukosa wasomaji. Kilikaa bure kwa sababu hakikuwa na mtunzaji, hakikuwa na taa, hakikununuliwa kitabu kipya kwa miaka, na kilifunguliwa saa ambazo wanafunzi wako shuleni na wafanyakazi wako kazini. Ukimnyima ng'ombe majani usiseme hakupenda maziwa yake yatoke.

Ndipo tunapoona kinaya cha mambo. Wanaokarabati maktaba wanatumia maneno mapya: kituo cha jamii, kitovu cha mtaa, mahali pa watu wote. Wanadhani wamegundua jambo, na baadhi ya masheikh wetu wanaliogopa kana kwamba ni bidaa. Wallahi, hilo ndilo lililokuwa Madina! Msikiti wa Mtume (s.a.w.) ulikuwa na Suffa, kibaraza cha mafukara waliolala pale na kusoma pale, na miongoni mwao alitoka Abu Huraira (r.a.), ambaye leo hakuna mwenye kuhutubu asiyemtaja. Ndani ya msikiti ule lilipigwa hema la kumuuguzia Sa'ad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa vita vya Khandaq, na vitabu vya sira vinamtaja Rufayda, mwanamke aliyewatibu majeruhi humo. Ujumbe wa wageni ulipokelewa humo. Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao humo siku ya Idi, na Mtume (s.a.w.) akamsitiri Bibi Aisha (r.a.) kwa shuka yake ili atazame. Msikiti ulikuwa shule, hospitali, mahakama na baraza, na kwa kuwa ulikuwa hayo yote swala haikupungua heshima yake.

Leo mwanafunzi wa mtihani akitafuta mahali penye taa baada ya Isha, mlango wa msikiti unafungwa nyuma yake. Mama akitaka kusoma, haulizwi anataka kusoma nini, anaulizwa amefuata nini. Kisha mtoto huyo na mama huyo wakiona maktaba ya mtaa imepakwa rangi, ina viti, ina intaneti, na mtu mlangoni anawaambia karibuni, tunapanda mimbarini kuwaambia wasiingie. Tumewafukuza kwetu na tunawakataza kwa jirani. Waende wapi?

Asiamini mtu kwamba tunadai jambo lisilowezekana. Msikiti wa al-Qarawiyyin mjini Fez, nchini Morocco, unanasibishwa na Fatima al-Fihri, mwanamke aliyeuasisi mwaka 859. Maktaba yake ni miongoni mwa kongwe kabisa duniani, na kufikia karne hii ilikuwa imefungwa kwa watu wa kawaida na unyevu unaila. Mwaka 2012 kazi ya kuifufua alikabidhiwa Aziza Chaouni, mhandisi wa majengo, mwenyeji wa mji ule. Maji machafu yaliyopita chini ya jengo yakaelekezwa kwingine, hati zikawekewa chumba chenye joto na unyevu uliopimwa, na kazi ikakamilika mwaka 2016 kwa nia kwamba mtu wa mtaani naye apate pa kusoma na pa kuketi, si mtafiti mwenye barua peke yake. Mwanamke aliasisi, na baada ya zaidi ya miaka 1,100 mwanamke alikarabati. Wenye kutilia shaka kazi ya Nairobi kwa sababu viongozi wake ni wanawake wana mengi ya kuieleza Fez.

Hata hapa kwetu Lamu, hati za Msikiti wa Riyadha zimepigwa picha moja moja na kuhifadhiwa kwa tarakimu kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Tunahitilafiana na ndugu zetu wa Riyadha katika suala la maulidi, na msimamo wetu unajulikana. Lakini katika kuhifadhi vitabu wametushinda, na haki husemwa.

Tusije tukadhaniwa tumekuwa wapambe wa kila kinachoitwa cha kisasa. Tuna la kuwaambia wakarabati pia. Usasa una maradhi yake, na maradhi makubwa ya maktaba za leo ni kuonea haya vitabu. Mjini London, katika mtaa wa Whitechapel wenye Waislamu wengi wa asili ya Bangladesh, maktaba ya tangu mwaka 1892, ambayo vizazi vya wahamiaji maskini wa Kiyahudi vilipandia elimu humo, ilifungwa mwaka 2005, na mahali pengine katika mtaa ule kikafunguliwa kituo kipya cha vioo, chenye madarasa na mkahawa, ambacho hata neno maktaba halimo katika jina lake: kinaitwa Idea Store, yaani duka la fikra. Yamo mema mengi ndani yake, na watu huingia kwa wingi. Lakini tangu lini elimu ikahitaji kujiita duka ili ipendwe? Hilo tunaliogopa kwa Nairobi. Tunaogopa siku ambayo rafu zitasogezwa ili meza za kahawa zipate nafasi, kahawa ikauzwa kwa bei ambayo fundi cherehani wa Kaloleni haiwezi, ukumbi ukakodishwa kwa harusi za matajiri, na msomaji akaambiwa arudi kesho. Simba wa zamani walimzuia mtu kwa rangi yake. Bei humzuia kwa mfuko wake, na hakuna sheria itakayoitwa ya ubaguzi.

Kwa hiyo msimamo wetu si kukaa mbali, wala si kupiga makofi. Ni kuingia na kudai. Kusoma kubaki bure. Kuwe na chumba cha ukimya ambacho muziki haukifikii. Saa za kufunguliwa zifike usiku, kwani mtoto wa chumba kimoja chenye watu saba hana pengine pa kufanyia kazi ya shule. Kuwe na rafu ya Kiswahili iliyo hai, na rafu ya Kiarabu, na mtu anayeweza kusoma hati za kale za herufi za Kiarabu. Kuwe na pahala pa stara pa kuswali, ijapokuwa kwa McMillan yenyewe hilo si tatizo, adhana ya Jamia inaingia dirishani bila kubisha hodi.

Na njia ya kudai ipo wazi, ila hatuitumii. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi maktaba kwa serikali za kaunti. Msomaji ailifungue jedwali lenyewe aone zimewekwa wapi: fungu moja na kamari, kasino, leseni za vileo na sinema. Hatujui aliyelipanga fungu hilo alikuwa na mawazo gani. Lakini tunajua kwamba inapotolewa leseni ya baa karibu na msikiti, sisi hujaa ofisini, tunaandamana, tunatia saini, na mara nyingine tunafanikiwa. Linapokuja suala la fungu la fedha za maktaba katika vikao vya kushirikisha umma vya bajeti ya kaunti, viti vyetu viko tupu. Tunajua kukizuia kibaya. Kukiomba chema kunatushinda, na afisa wa bajeti asiyeona kanzu hata moja kikaoni atahesabu kwamba Waislamu wameridhika na vumbi.

Tunazitaka kamati za misikiti zifanye mambo ambayo hayahitaji mfadhili. Kabati lifunguliwe kila siku baina ya Alasiri na Isha, na ufunguo akabidhiwe kijana mwenye daftari, aandike nani kachukua nini na lini kakirudisha. Vitabu vilivyorudufika vibadilishwe na msikiti mwingine kwa vya Kiswahili. Ghorofa ya wanawake iwe na rafu yake, si mabaki ya chini. Chumba cha maktaba kilichokodishwa, mkataba wake ukimalizika usihuishwe. Na kama mapato yake hayaepukiki, basi sehemu yake ya kila mwezi inunue vitabu, na hesabu yake ibandikwe ukutani pale panapobandikwa michango ya zulia. Baada ya hapo imamu aende, yeye na watoto wa madrasa, waingie katika maktaba ya umma iliyo karibu nao, wajiandikishe, na wajue jina la mtunzaji wake.

Tumewapa wasambazaji wa jarida hili karatasi yenye maswali matatu kwa kila msikiti linakofika: kabati la vitabu lilifunguliwa lini mara ya mwisho, ufunguo uko kwa nani, na waumini wangapi waliazima kitabu mwaka huu. Karatasi zikusanywe kabla ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Majibu yatakayotufikia tutayachapisha katika toleo lijalo, insha-Allah, msikiti kwa msikiti. Na kamati itakayonyamaza, tutachapisha kwamba imenyamaza.